Kodi imepanda, choo kimejaa: mpangaji wa Tanga unaanzia ofisi gani

Naandika hii kwa sababu haziishi wiki mbili bila mtu kunitumia meseji, "mwenye nyumba kaongeza kodi, niende jiji?", yaani ofisi za Halmashauri ya Jiji, na mimi najibu vilevile kila siku, jiji utaenda kufanya nini ndugu yangu, pale utakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana alafu utaambiwa rudi kwa mtendaji wako wa mtaa, hela ya bajaji imeshaenda na kazini umeshakatwa siku. Mimi napanga hapa Tanga mwaka wa kumi na moja sasa, nilianzia Makorora chumba kimoja choo cha nje, nikaenda Mikanjuni, nikahamia Ngamiani barabara ya kumi na mbili, saivi niko Kange sio mbali na stendi. Nyumba nne, wenye nyumba wanne, kila mmoja kanifundisha lake. Nilichokuja kujua kwa kuchelewa ni kwamba shida za nyumba zina milango tofauti, na sisi wapangaji wengi tunagonga mlango wa jirani alafu tunalalamika hatufunguliwi.

Hatua ya kwanza: jua nani anaamua nini

Hapa ndo tunapotea. Kodi ya chumba chako haipangwi na halmashauri, haipangwi na diwani wala mwenyekiti wa mtaa. Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo kodi ni maelewano yako na mwenye nyumba basi. Tangu liwekwe jiwe la msingi la bomba la mafuta kule Chongoleani mwaka 2017, na bandari nayo ikatanuliwa, mji umepata wageni wenye hela zao na madalali wamechangamka kweli kweli, chumba kilichokuwa kinakaa tupu miezi mitatu saivi kinaondoka siku mbili, na hakuna kikao cha madiwani kinachoweza kumwambia mzee wa watu wa Sahare ashushe bei. Ukasirike usikasirike ndo hivyo, mimi nilishakasirika sana mwaka ule wa Mikanjuni na kodi haikushuka hata mia.

Sasa Halmashauri ya Jiji inaamua nini? Inaamua kodi za fremu (vyumba vya biashara) na vizimba vya masoko yake kama pale Mgandini, kwahiyo mwenye kizimba akipandishiwa yeye ana haki kabisa ya kumfuata diwani, mwenye chumba hana. Inaamua nani apewe kibali cha ujenzi na eneo gani lijengwe nini. Inatunga sheria ndogo, mambo ya ada ya taka, usafi, faini. Na ina maafisa afya, ambao kwa maoni yangu ndo watu wenye faida kubwa kuliko wote kwa mpangaji na karibu hakuna anayewakumbuka, nitawarudia huko chini maana wana stori yao.

Alafu kuna nyumba za umma. Yale maghorofa ya zamani ya mjini kati mengi watu wanayaita "ya National", ni ya Shirika la Nyumba la Taifa, shirika lenyewe la tangu 1962, majengo yaliyotaifishwa 1971 yakakaa kwa Msajili wa Majumba mpaka 1990 ndo wakaunganishwa. Hilo shirika liko chini ya wizara ya ardhi, sio jiji, kwahiyo diwani akikuahidi nyumba ya National anakuahidi kitu sio chake. Unaenda ofisi yao ya mkoa, unaandika maombi, unasubiri, na ukipata unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, humpi mtu mkononi. Nyumba za TBA, wakala wa majengo wa serikali, kwa miaka mingi zilikuwa habari za watumishi wa umma tu, na zenyewe nazo sio za jiji.

Kuna kitu kinaitwa kilemba, wenye fremu mnakijua. Mtu ana mkataba wa shirika, anakuachia nyumba au fremu, unampa milioni kadhaa za kilemba alafu unaendelea kulipa kodi kwa jina lake. Usifanye. Nasema usifanye kwa sababu mkataba haumruhusu kupangisha mtu mwingine, na siku wakija kukagua wewe kwenye karatasi haupo, aliyechukua hela yako hapokei simu na unayebeba makochi ni wewe.

Hatua ya pili: kabla hujatoa hela

Dalali atakuharakisha. Ndo kazi yake, anakula kodi ya mwezi mmoja kutoka kwako, tuseme chumba na sebule ni 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita, utatoa 360,000 ya mwenye nyumba na 60,000 ya dalali, laki nne na ishirini kwa mpigo, na dalali anataka utoe leo leo maana "kuna mama kutoka Korogwe anakuja kesho asubuhi". Huyo mama wa Korogwe nimemsikia kwenye nyumba zote nne, sijawahi kumwona.

Mwambie unarudi kesho. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa wa hapo unapotaka kuhamia, sio mtaa unaotoka, piga shikamoo zako vizuri, Tanga hii mtu akiingia ofisini bila kusalimia hapati kitu. Sema nataka kuhamia nyumba ya fulani, naomba kujua kama ndo mwenyewe na kama nyumba haina mgogoro. Watakwambia. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba za mirathi zinazogombewa na ndugu sita, anajua ipi imepigwa X ya kubomolewa na watu wa barabara, anajua ipi imejengwa pwani ndani ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 imezikataza. Mimi barabara ya kumi na mbili niliponea hapo hapo, niliyekuwa naongea nae siku tatu kumbe ni mtoto wa marehemu na wenzie hawajui kama anapangisha, mwenyekiti akacheka tu akasema mwanangu hiyo nyumba iache.

Na mkataba sasa. Ule wa kununua steshenari wa kujaza nafasi unatosha, shida yetu hatuujazi wote. Hakikisha umeandikwa kodi ni kiasi gani, inaanza lini inaisha lini, notisi ya kuhama au ya kupandisha kodi ni muda gani, na nani anatengeneza nini kikiharibika. Mkasaini mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na mhuri ukagongwa, na kama kuna ada ya mhuri dai risiti ya serikali, sio kikaratasi cha daftari. Hela usimpe mkononi kama unaweza kutuma kwa simu, meseji ya muamala inaongea hata miaka miwili baadae.

Kitu kimoja watu hawakiandiki kabisa kwenye mkataba na ndo kinaleta ugomvi kila mwezi, kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilianza 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500, na ghorofa mjini ikatoka 5,000 kwa kila sakafu ikawa 7,500. Hii kodi ni ya mwenye nyumba sio yako. Lakini anayenunua umeme ni wewe, kwahiyo anayekatwa ni wewe, na mita isiponunuliwa umeme miezi kadhaa deni linajikusanya linakusubiri. Mikanjuni nilihamia chumba kilichokaa tupu miezi minne, siku ya kwanza nikanunua umeme wa 10,000 nikaona uniti kidogo, kuangalia meseji ya tokeni kumbe 6,000 yote imeenda kwenye deni la jengo. Mwenye nyumba akaniambia hayo mambo ya serikali yeye hayajui. Saivi naandika kwenye mkataba kabisa, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango, kwa mwaka ni 18,000 na 18,000 sio hela ya kuokota. Na kabla sijatoa kodi naomba namba ya mita nanunua umeme kidogo naangalia meseji. Kama nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, mwenye nyumba ndo wa kwenda TANESCO (shirika la umeme) au TRA (mamlaka ya mapato) kuomba irekebishwe, mpangaji huwezi kwenda kwa niaba yake maana nyumba sio yako.

Mwenye fremu ya biashara kwa mtu binafsi, wewe una la ziada, kuna kodi ya zuio asilimia 10 ya pango unayotakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Wengi hamumkati mwenye nyumba, mkibanwa inatoka mfukoni mwenu.

Hatua ya tatu: kodi ikipandishwa

Angalia mkataba. Kama muda haujaisha hawezi kupandisha katikati, mwambie kwa adabu, mzee mkataba wetu unaisha Desemba, tutaongea Novemba. Kama mkataba umeisha na mmeendelea tu kwa mazoea, sheria ya ardhi ya 1999 inauhesabu kama upangaji wa kipindi kwa kipindi na notisi inafuata kipindi unacholipia, unalipa kwa mwezi basi notisi isipungue mwezi. Omba iwe maandishi. Akikataa kuandika, wewe mtumie meseji, "Shikamoo mzee, nimepokea maneno yako ya jana kuwa kodi itakuwa 80,000 kuanzia mwezi wa tatu", akijibu "ndio" umeshapata maandishi yako.

Baada ya hapo ni kuongea tu, hakuna ofisi. Mimi huwa napeleka hesabu, kwamba nikihama wewe utakaa na chumba tupu mwezi mmoja na kupaka rangi upya, na mimi nalipa kwa wakati, tugawane hiyo nyongeza. Imefanya kazi mara mbili kati ya nne.

Hatua ya nne: nyumba ikiwa mbovu, mtafute bwana afya

Nilisema nitarudi hapa. Makorora tulikuwa vyumba saba choo kimoja. Mwisho wa masika shimo likajaa, maji yakawa yanarudi juu kwenye sakafu ya choo, tukaweka matofali manne ya kukanyagia kama unavuka mto, mtoto wa jirani yangu akateleza akaingia mguu mzima. Mwenye nyumba alikuwa anakaa Muheza. Tukimpigia anasema Ijumaa, Ijumaa ikifika anasema Ijumaa ile nyingine. Wapangaji wakaanza kusema tuchange wenyewe, na kweli tulikuwa tumeshachanga nusu.

Nikaenda ofisi ya kata kuulizia afisa afya. Nikakuta mama mmoja mfupi amevaa gambuti, akaniuliza maswali mawili tu, nyumba namba ngapi na wapangaji wangapi, kesho yake saa mbili asubuhi akaja na mtendaji wa mtaa. Hakuongea sana. Alichukua kijiti akagusa zege pembeni ya shimo likamomonyoka, akaangalia kisima cha jirani kiko hatua ngapi, akatoa kitabu chake akaweka karbonpepa akaandika notisi nakala mbili, moja akaibandika mlangoni na nyingine akampa mtendaji, siku saba. Sheria ya afya ya jamii ya 2009 inawapa nguvu hiyo, mwenye nyumba anaamriwa aondoe uchafu unaohatarisha watu na asipofanya anapelekwa mahakamani. Tukapiga picha notisi tukamtumia yule mzee. Siku ya tatu akaja mwenyewe, na kiroba cha machungwa na gari la kunyonya choo siku moja.

Hapo ndo nikaelewa. Ukienda kulalamika kodi kubwa hakuna wa kukusikiliza kwa sababu hakuna mwenye mamlaka, ila ukienda na choo, maji machafu, shimo la wazi, ukuta unaotaka kuanguka, kuna mtu analipwa mshahara kwa ajili ya hilo. Na kwenye sheria ya ardhi mwenye nyumba anayepangisha vyumba ndani ya jengo moja anatakiwa kutunza paa, kuta kuu, mifereji na sehemu mnazotumia wote, hata kama mkataba haujasema.

Nikwambie na ubaya wake lakini. Kodi yangu ilipoisha yule mzee akasema chumba anakitaka mwanae. Sijawahi kumwona huyo mwana. Nikahama, choo kizuri wakabaki nacho wenzangu. Kwahiyo saivi nashauri msiende mmoja mmoja, andikeni barua "sisi wapangaji wa nyumba namba fulani" msaini wote, hata yule anayeogopa, maana hawezi kuwafukuza watu saba kwa mpigo.

Hatua ya tano: ukifungiwa mlango au kutolewa vitu nje

Mwenye nyumba hata kama unadaiwa hana ruhusa ya kuvunja kufuli lako na kutoa vitu vyako barabarani kwa mabavu, anatakiwa apitie kwenye vyombo. Ikitokea, piga picha kwanza, ita mjumbe au balozi ashuhudie, alafu nenda kwa mtendaji wa mtaa awaite wote wawili. Kama kuna kitu kimeibiwa au umepigwa hilo ni la polisi, usilichanganye na la kodi.

Kwa mtendaji likishindikana linaenda Baraza la Kata. Hapa watu wana habari za zamani, wanadhani baraza la kata litatoa hukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, na likishindwa linakupa cheti kwamba limeshindwa, hicho cheti ndo tiketi yako ya kuingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 hawajakusuluhisha unaweza kwenda huko juu bila hicho cheti. Kwahiyo siku ya kwanza unapopeleka lalamiko kata hakikisha barua yako imegongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, kopi ubaki nayo, la sivyo utahesabu siku 30 kuanzia wapi?

Mahali hapa panachosha, sitaki kukudanganya. Jirani yangu mmoja alipata haki yake baraza la wilaya lakini alikuwa ameshahamia Pongwe na ameshalipa kodi nyingine. Mara nyingi kinachoisha kinaishia kwa mtendaji, kwenye meza, chai pembeni, mwenye nyumba anarudisha kodi ya miezi iliyobaki na mpangaji anaondoka.

Hatua ya sita: ukitaka halmashauri yenyewe ibadilishe kitu

Sisi wapangaji tunadhani mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Sio. Ukikaa hapo na una miaka 18 wewe ni mkazi, una sauti sawa na mwenye ghorofa. Mtaa wetu kulikuwa na utata wa hela ya taka, mkusanyaji anadai kila chumba, wengine tunasema kila nyumba. Tulipiga kelele miezi kwenye kibaraza cha muuza kahawa bila faida, mpaka dada mmoja mpangaji akasimama mkutanoni akaomba asomewe sheria ndogo inasemaje. Kimya. Hakuna aliyekuja nayo. Mwenyekiti akaahidi kuileta, ikaingia kwenye muhtasari, muhtasari ukaenda kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake mtendaji wa kata, na mkusanyaji alivyosikia sheria inatafutwa akaanza kuandika risiti.

Ndo njia yenyewe hiyo, mtaa, kata, alafu kamati za halmashauri, ya kwenu ya kuifuatilia ni ya mipango miji na mazingira na ile ya uchumi, elimu na afya, alafu baraza zima la madiwani ambalo vikao vyake vya kawaida ni kila robo ya mwaka na mwananchi unaruhusiwa kuingia ukae kimya usikilize. Sheria ndogo mpya inatakiwa itangazwe kwanza ili watu watoe maoni au pingamizi kabla haijapelekwa kwa waziri, na tangazo linabandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mtaa. Mimi nikipita ofisi ya kata naangalia ule ubao, dakika mbili tu. Maoni andika kwa barua, karatasi moja inatosha, jina, mtaa, kifungu gani hukitaki na unataka kiweje. Na mambo ya hela yapeleke mapema, mwaka wa serikali unaanza Julai, ukija mwezi wa sita kuomba mtaro bajeti imeshafungwa zamani.

Siku ya kuhama

Piga picha kila chumba kikiwa kitupu, na mita ya umeme na ya maji usomaji uonekane. Nunua umeme mdogo mbele ya mwenye nyumba aone hakuna deni uliloacha. Funguo mkabidhi mtu kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja nyuma ya mkataba. Alafu pita serikali ya mtaa ukaage, wakutoe kwenye daftari la wakazi na wakuandikie barua ya kwenda mtaa mpya, itakusaidia benki, NIDA (kitambulisho cha taifa) na kote wanakotaka utambulisho.

Hili la mwisho mimi sikulifanya Makorora. Mpaka leo mjumbe wa kule ananipigia kunidai mchango wa ulinzi shirikishi, na ameshanitajia kabisa mpaka namba ya chumba.